Maji kwenye grili za AC Shangani: kabla hujaongeza gesi tena

Mkuu umeuliza kuhusu nyumba uliyopanga Shangani, hapa Mtwara mjini, yenye AC ile ya mashine moja darini na mabomba ya bati yanayopeleka hewa kila chumba. Grili ya chumba kikubwa, ile tundu la silingi linalotolea hewa, inadondosha maji, silingibodi imeota baka la rangi ya chai, na mafundi wawili wamekwambia gesi imepungua. Usitoe hela kwanza. Mimi nilitoa mara mbili na maji yakabaki palepale.

Kwetu ilikuwa nyumba ya shemeji yangu, upande huohuo wa baharini. Aliijenga 2013, ile miaka kila mwenye kiwanja Mtwara alikuwa anasubiri wapangaji wa kampuni za gesi asilia. Wapangaji hawakuja kama tulivyopiga hesabu, shemeji akarudi Dar, mimi nikabaki na funguo na AC inayolia machozi sebuleni.

Hiyo gesi ya mafundi wako niimalize haraka. Gesi ya AC siyo ya mtungi wa jikoni, haichomwi. Inazunguka tu ndani ya mabomba yake. Ikipungua ujue kuna mahali inavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja atarudi kwako baada ya miezi michache akiwa na mtungi uleule. Ni kweli gesi ikipungua koili, yale mabomba membamba yanayopoza hewa ndani ya mashine, inaweza kuganda barafu, kisha umeme ukikatika barafu inayeyuka kwa mkupuo na trei ya kukinga maji chini yake inafurika. Basi fungua mfuniko wa mashine uangalie kama kuna barafu. Sisi hatukuwa nayo, na filta ilikuwa safi, maana filta iliyoziba nayo inagandisha vilevile. (Wenye nyumba karibu na mikorosho, kagueni filta mara kwa mara msimu wa kupuliza salfa, ule unga unafika mbali.)

Kilichonisaidia ni kalenda ya ukutani na penseli. Kila maji yalipoanza kudondoka niliandika saa, kama mvua ilinyesha, na AC iliwashwa lini. Baada ya wiki moja jibu lilikuwa wazi: siku kavu kabisa yanadondoka, saa mbili hivi baada ya kuwasha, na yanakoma muda mfupi baada ya kuzima. Kwa hiyo paa halikuwa na kosa. Uchungu ni kwamba nilikuwa nimeshamlipa kijana apake lami kila msumari wa bati.

Nikaanza na bomba la kutolea maji ya mashine, maana ndilo rahisi. Nje, pale linapochungulia ukutani, nyigu alikuwa amejenga nyumba yake ya tope, ameziba robo tatu ya mdomo. Nikazibua kwa waya, nikapanda na lita moja ya maji nikamimina kwenye trei. Yakatoka, lakini kwa kusuasua. Pimamaji, kile kifaa cha kupima usawa, ikaonyesha kipande cha katikati kimelala kabisa, hakina mwinamo. Tukakiinua kipate kama sentimita moja kwa kila mita. Tukaweka pia kona ya U karibu na mashine, kama ile ya chini ya sinki, ibaki na maji ndani. Bila hiyo, feni inavuta hewa kupitia bomba na kuyazuia maji ya trei yasishuke. Baka lililokuwa chini ya mashine likakauka. La sebuleni likaendelea kama kawaida.

Hapo ndipo nilipolazimika kutambaa darini, Februari, saa nane mchana. Nilibeba chupa ya maji ya friji, nikaiweka juu ya kenchi huku namulika. Nilipoishika tena ilikuwa imelowa chapachapa na imeacha duara la maji kwenye mbao. Nikaitazama chupa, nikalitazama bomba la AC, nikajicheka mwenyewe.

Msimu wa kaskazi hewa yetu imebeba mvuke mwingi. Hewa ikiwa na nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 26 hivi kinatoa jasho. Ndani ya dakti, yaani hilo bomba la bati la hewa, hewa inapita ikiwa na nyuzi 12 hadi 15. Kinachozuia jasho ni ile pamba ya kioo iliyozungushiwa na foili yake kwa nje. Pamba inazuia joto, foili inazuia mvuke usipenye kufika kwenye bati. Foili ikichanika mahali padogo tu, mvuke unaingia, pamba inalowa, na pamba iliyolowa haizuii kitu tena.

Basi nikapitisha mkono chini ya tumbo la bomba kuanzia kwenye mashine. Pakavu, pakavu, halafu ghafla vidole vikazama kwenye kitu kama sponji. Juu yake kulikuwa na waya wa dishi. Fundi wa king'amuzi, miaka hiyo, alipitisha waya wake akaufunga kwenye dakti kwa kamba akakaza, foili ikakatika pande zote mbili. Na sehemu hiyo ilikuwa karibu mita tatu kutoka kwenye grili iliyokuwa inadondosha! Maji yalikuwa yanatiririka chini ya bomba mpaka yakutane na tundu. Ndiyo maana kila fundi aliyesimama chini ya grili akitazama juu alikosea.

Sehemu ya pili iliniudhi zaidi. Feni ya bafu la wageni, ile ya kutoa mvuke, haikuwa imeunganishwa na nje. Ilikuwa inapulizia mvuke wa maji ya moto darini moja kwa moja, hatua mbili kutoka kwenye dakti. Aliyejenga aliona feni inazunguka, akaridhika.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa. Zima AC kwenye swichi kubwa, vaa barakoa, miwani na nguo ya mikono mirefu, ile pamba inawasha kuliko upupu. Tulikata pamba yote iliyolowa, tukafuta fangasi, tukaacha bati likauke siku mbili. Hapa msiharakishe: ukifunga pamba mpya juu ya bati bichi umefungia maji ndani. Tukaziba kwanza maungio ya bati, kisha tukazungusha pamba ya milimita 50 badala ya ile ya 25, foili nje, kila mshono tepu ya foili. Zile waya za kuning'inizia tulizitoa tukaweka mikanda mipana ya bati, kwa sababu waya mwembamba unaminya pamba, na palipominywa panatoa jasho. Feni ya bafu tukaipa bomba lake mpaka nje. Pamba na tepu zote zilikuwa chini ya nilicholipa kwa gesi ile mara ya pili.

Kuna mdau kakushauri utoboe matundu zaidi ya hewa kwenye paa. Joto litapungua kidogo, sikatai, ila hewa utakayoingiza ni hiyohiyo ya baharini yenye mvuke wake. Dakti iliyochanika itaendelea kulia. Na aliyesema ufunge grili za vyumba visivyotumika, mwache. Hewa inapungua kasi, mabomba yanazidi baridi, na koili inaweza kuganda.

Kwa sasa, wakati unajipanga, toa rimoti kwenye nyuzi 16 uweke 25. Bomba litapata nafuu, na bili pia.

Halafu umesema bafu lako liko ukuta wa pili na hicho chumba kinachodondosha. Panda na tochi mchana AC ikiwa imewaka tangu asubuhi, kanyaga kenchi tu usikanyage silingibodi, uanze na feni ya bafu inapotolea hewa. Kisha shika bomba kwa mkono, chini yake, urudi nyuma kuelekea kwenye mashine. Piga picha utuwekee hapa.