Semina ilitufundisha sabuni, chupa zikatufundisha hesabu

Mwaka 2019 nilihudhuria mafunzo ya ujasiriamali ya siku tano kwa vijana wa kata yetu. Tulikuwa 40 na ushee. Mwalimu aliijua kazi yake, sitamsema vibaya. Tulikoroga sabuni ya maji, tukapiga picha ya pamoja, tukapewa cheti na nauli. Wiki iliyofuata mtaa mzima ukawa na wauza sabuni.

Mimi na wenzangu wanne tukaunda kikundi. Dumu la lita 20 lilikula malighafi ya shilingi 14,000: salfoniki na slesi za kutoa povu, soda ash, chumvi, rangi na manukato. Unakoroga jioni, unaiacha ilale povu lishuke, asubuhi unapima. Lita moja tuliuza 1,000, kwa hiyo tukajihesabia faida ya 6,000. Chupa hatukuziweka kwenye hesabu. Chupa tupu ilikuwa 200, mara 20 ni 4,000. Bodaboda wa kusambaza madukani, 2,000. Kwisha! Watu watano tulitoka jasho tukabaki na harufu ya limau mikononi.

Aliyetuokoa ni mama ntilie wa stendi. "Mwanangu, chupa ya nini? Nijazie dumu langu." Kuanzia hapo tukahamia kwa mama ntilie, saluni na waosha magari, kila mteja na chombo chake.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeuliza kama uende semina, nenda. Ila kabla ya hapo zunguka mtaani siku mbili, ujue watu wananunua nini na kwa bei gani. Ukiwa na biashara tayari, hata ya karanga za kukaanga, ndiyo bora zaidi. Utakuwa na maswali ya kumbana nayo mwalimu. Anayefuata posho ataipata, na ataambulia hiyo hiyo tu.

Kuhusu mkopo: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa vijana, 4 kwa wanawake na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Haina riba, na hapo ndipo wengi hujisahau, kana kwamba haina marejesho. Sisi tulipokopa, mwenzetu mmoja alihamia Dar, simu hapokei, sehemu yake tukaibeba wanne. Ungana na watu mliowahi kucheza upatu pamoja. Anayekwepa zamu ya elfu mbili, kwenye milioni utamtafuta kwa tochi.

Na ukitaka sabuni yako ikae supamaketi, cheti cha semina hakitakusaidia. Huko wanataka alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Anzia ofisi ya mkoa wako ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho ya kupeleka TBS. Nenda na sampuli, na daftari lako la mauzo.