Pointi 21 zimebaki nyumbani, pointi 17 zimesafiri

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu Mbagala tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Kufuzu Kombe la Dunia 2026, Nigeria walimaliza kundi lao na pointi 17, Burkina Faso wakamaliza lao na 21. Wote ni washindi wa pili. Iweje walioitwa kwenye mchujo wa Morocco wawe Nigeria? Mwenzangu anasema wamebebwa kwa sababu ya jina.
*Msomaji, Mbagala*

Jibu: Marahaba mwanangu. Hawakubebwa. Mwambie mwenzako achukue karatasi na kalamu, twende naye taratibu.

Mimi nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka 29, na tangu nistaafu kila raundi ya mechi naiandika kwenye kaunta buku. Kila kundi lina ukurasa wake, mistari nimepiga kwa rula, matokeo kwa penseli. Usiku wa 14 Oktoba 2025, mechi zilipokwisha, nilifungua ukurasa wa washindi wa pili na nikachukua kifutio. Kifutio ndicho kilichoamua.

Afrika ilikuwa na timu 54, zikagawanywa makundi tisa ya timu sita sita. Kila timu inacheza mechi kumi, nyumbani na ugenini. Kinara wa kundi anakwenda Kombe la Dunia moja kwa moja. Washindi wa pili wanne bora wanakwenda kwenye mchujo, na mmoja wao ndiye anayepewa nafasi ya kujaribu tena mbele ya mabara mengine.

Sasa tatizo. Eritrea walijitoa Kundi E kabla ya mpira kuanza. Hilo ndilo kundi letu Watanzania, la Morocco, Niger, Zambia na Congo Brazzaville. Likabaki na timu tano, kwa hiyo mshindi wake wa pili amecheza mechi nane wakati wenzake wamecheza kumi. Huwezi kumlinganisha mtoto aliyefanya maswali nane na aliyefanya kumi kwa kuhesabu vema tu. Ndiyo maana kwenye makundi mengine yote, mechi za mshindi wa pili dhidi ya timu ya mwisho zilifutwa. Kila mmoja akabaki na mechi nane.

Futa basi. Gabon walikuwa na 25, wakabaki na 19. DR Congo kutoka 22 wakashuka hadi 16. Hao wawili hawana wasiwasi. Uganda walikuwa na 18, lakini sita walizichukua kwa Somalia walioshika mkia, zikaondoka, wakabaki na 12 na safari ikaishia hapo. Cameroon 19, toa nne, 15. Niger wa kundi letu hawaguswi, wana 15. Burkina Faso waliifunga Djibouti mara mbili, kwa hiyo 21 toa sita ni 15.

Na Nigeria? Wa mwisho kwenye kundi lao ni Zimbabwe, na Nigeria walishindwa kuwafunga. Walitoka sare ya 1-1 kule Huye, Rwanda, ambako Zimbabwe walihamishia mechi yao ya nyumbani, na wakatoka 1-1 tena Uyo, Nigeria. Walipata pointi mbili tu kwa Zimbabwe. Kwa hiyo 17 toa mbili ni 15.

Umeona? Timu nne zina 15 na nafasi zimebaki mbili. Hapo inaangaliwa tofauti ya magoli, na siku ile ile ya mwisho Nigeria walikuwa wameifunga Benin 4-0, Osimhen peke yake matatu. Burkina Faso walikuwa na magoli mengi, lakini kumi kati yake waliyafunga kwa Djibouti, nayo yakafutwa pamoja na pointi. Cameroon na Nigeria wakapita.

Kihesabu ni haki, nami ningesahihisha hivyo hivyo. Lakini Burkina Faso wananiuma mpaka leo. Walifanya kazi yao kwa timu dhaifu, wakashinda mechi zote mbili, na kazi hiyo ikafutwa. Aliyeteleza kwa timu dhaifu hakupoteza kitu. Kanuni kama hii inatakiwa isomwe redioni siku ya kwanza ya mashindano, shabiki aijue mapema kama anavyojua dakika 90. Barua mlizoniandikia zinaonyesha wengi mliisikia raundi ya mwisho.

Kwenye mchujo kule Rabat, Morocco, Nigeria waliwatoa Gabon, lakini fainali wakatolewa na DR Congo kwa penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mnyarwanda, nafanya biashara Rusumo. Novemba 2024 Amavubi tuliifunga Nigeria 2-1 kwao Uyo, tukafikisha pointi 8 sawa na Benin, lakini AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, wakaenda Benin. Kwa nini?
*Msomaji, Rusumo*

Jibu: Marahaba baba, na poleni sana. Ushindi ule wa Uyo niliuandika kwa kalamu ya wino.

Kufuzu AFCON hakufuati kanuni ya kufuzu Kombe la Dunia 2026. Kule timu zilipolingana pointi, tofauti ya magoli ya kundi zima ndiyo iliyotangulia. Kwenye AFCON wanaangalia kwanza matokeo ya wenyewe kwa wenyewe. Benin waliwafunga 3-0 kule Abidjan, ninyi mkawafunga 2-1 Kigali siku nne baadaye. Kila mmoja ana ushindi mmoja, lakini ukijumlisha magoli ni 4-2 kwa Benin. Mliumizwa Abidjan mwezi mmoja kabla ya Uyo.

Swali: Kwa nini Harambee Stars walicheza mechi za "nyumbani" Malawi?
*Msomaji, Voi*

Jibu: Juni 2024 Kenya haikuwa na uwanja uliokubaliwa na CAF, Shirikisho la Soka Afrika, kwa hiyo Burundi (1-1) na Côte d'Ivoire (0-0) walikaribishwa Lilongwe. Shabiki wa Voi kumfuata Harambee Stars Malawi ni nauli ambayo wengi hawana, na timu inakosa sauti yake. Mechi mbili za nyumbani, sare mbili.

Swali: Shikamoo Bibi Mwalimu. Niko darasa la sita. Nataka kuwa na daftari kama lako. Nianzie wapi?
*Msomaji, Kilosa*

Jibu: Marahaba mjukuu wangu. Umenifurahisha kuliko wote. Anza na kundi moja lililokwisha, Kundi H la kufuzu AFCON 2025: DR Congo, Guinea, Ethiopia na sisi. Kundi lina timu nne na wawili wa juu wanafuzu. Chora safu saba: mechi, ushindi, sare, kufungwa, magoli ya kufunga, magoli ya kufungwa, pointi.

Za Taifa Stars hizi hapa. Ethiopia 0-0, kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar es Salaam. Guinea tuliwafunga 2-1, mechi ikachezwa Yamoussoukro, Côte d'Ivoire, kwa sababu nao walikuwa hawana uwanja. DR Congo walitufunga 1-0 Kinshasa, wakatufunga tena 2-0 Dar es Salaam. Usiku huo wa 2-0 wengi walifunga madaftari yao. Mimi niliacha wazi, kwa sababu zilibaki mechi mbili na pointi sita. Ethiopia tukawafunga 2-0, nayo ilichezwa Kinshasa ingawa wenyeji ni Ethiopia.

Ikabaki Guinea, 19 Novemba 2024, kwa Mkapa. Kabla ya mechi andika Guinea 9, Tanzania 7. Sare ingewapeleka wao, kwa hiyo tulihitaji ushindi, hata wa goli moja. Dakika ya 61 Simon Msuva akafunga, ikaisha 1-0.

Jaza safu zote saba mwenyewe, usimwombe kaka yako. Ukimaliza nitumie ukurasa huo kupitia jarida, nitausahihisha kwa kalamu nyekundu na kukurudishia.