Unaanza kusomea mobiliti? Nairobi haimo kwenye kile kitabu

Naona siku hizi walimu wengi wanauliza kuhusu kusomea oriantesheni na mobiliti, yaani ile kazi ya kumfundisha mtu asiyeona au mwenye uoni hafifu ajue yuko wapi na afike anakoenda bila kuburutwa mkono. Wengine mnatoka elimu maalum, wengine mmepitia KISE, kile chuo cha elimu maalum pale Kasarani, wengine mna ndugu asiyeona nyumbani na mmechoka kumuona amekaa tu. Karibuni sana. Kazi ni tamu ila ina mambo yake, na mengi utayakutia barabarani.

Kwanza kile kitambaa. Utafungwa macho na upewe fimbo, uambiwe tembea koridoni, na dakika za kwanza utaona kama ukuta unakufuata. Ni sawa, hakuna njia nyingine ya mwili kushika mbinu. Lakini kuna wanafunzi wanavua kitambaa wakiwa wamejaa huruma, eti sasa najua maisha ya kipofu, na hapo nakataa kabisa. Hujajua kitu. Umejua vile mtu mwenye macho anahisi akizimiwa taa ghafla. Mtu aliyezaliwa haoni hana hiyo hofu yako, ana mambo mengine kabisa ya kujifunza, na ukimwendea na huruma ya kitambaa utamfundisha kuogopa vitu ambavyo hakuwa anaviogopa.

Fimbo yenyewe usiichukulie poa. Ukianza kuitumia utaona ni rahisi, kushoto kulia kushoto kulia, kumbe kuna hesabu. Mguu wa kulia ukienda mbele ncha inagusa kushoto, kwa sababu inakagua pale mguu unaofuata utakanyaga. Mzunguko unapita mabega kidogo tu kila upande, ukizidisha unapiga watu vifundo vya miguu, ukipunguza bega linakula nguzo. Mkono ukae katikati ya mwili, na hapa ndipo wengi wanateleza, mkono unahama polepole kwenda upande wa kulia na mtu anaanza kutembea upande bila kujua. Mtazame kutoka nyuma, sio kutoka pembeni, utaona mara moja. Halafu kwa mitaro ya huku kwetu na manholi zisizo na vifuniko, mimi napendelea ncha isiinuke kutoka chini hata kidogo, iburuzwe muda wote, maana ile ya kugusa na kuinua inaweza kuruka ukingo wa shimo. Kwenye matope na kabro zilizovunjika itakwama kila saa, sawa, bora ikwame. Na umwambie mwanafunzi wazi kwamba fimbo haijui kitu kilicho juu ya kiuno. Kibao cha duka, kioo cha lori, mabati ya kibanda yaliyochomoza, hayo yanamngoja usoni, kwa hivyo ule mkono wa kukinga uso mfundishe mapema, asingoje agongwe.

Sasa vitabu. Mbinu hii ya fimbo ndefu ilitengenezwa Marekani miaka ya 1940, Richard Hoover na wenzake wakifundisha wanajeshi waliopofuka vitani, na kufikia 1960 Boston College ilikuwa na kozi ya chuo ya walimu wa hii kazi. Ndio maana notsi nyingi utakazosoma zina barabara ya huko ndani yake. Magari yao yanapita kulia, yetu kushoto. Kwa hivyo kila mahali wanakwambia gari la kwanza litatoka upande fulani wewe geuza, na usigeuze kichwani tu, chora upya hiyo makutano kwenye karatasi na mishale yake. Nimeona mtu amekariri vizuri sana na anafundisha vizuri sana, upande usio wake. Halafu jua. Vitabu vya kaskazini vinasema saa sita mchana jua liko kusini, mwambie mwanafunzi alihisi usoni ajue alikoelekea. Sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta. Kuanzia kama Aprili hadi Septemba jua la mchana linaelemea kaskazini, miezi ile mingine kusini, na Machi liko utosini halisaidii mtu. Tumia jua la asubuhi na la jioni, hilo halidanganyi, la mchana achana nalo.

Kuna hii ya alama na dalili, na nawaomba mkae nayo sana. Alama ni kitu ambacho hakihami, ukikigusa unajua uko hapa na si pengine. Nguzo ya stima, ngazi tatu za kuingia benki, ukuta unaokwisha, lami inayogeuka kuwa changarawe. Dalili inakuja na kuondoka. Nairobi ina dalili nyingi mpaka raha, harufu ya chapati, mziki wa kinyozi, makanga anaita Githurai, mashine ya kusaga mahindi, na mwanafunzi atazipenda kwa sababu ni rahisi. Lakini mama chapati Jumapili yuko kanisani, kinyozi hana stima, makanga amefukuzwa na kanjo wamehamia kona ingine. Kabla hujamleta mtu kwenye njia, ipite wewe mwenyewe asubuhi, upite jioni watu wakitoka kazini, upite wikendi, uone ni kitu gani kinabaki kila mara. Hicho ndicho cha kumpa kwanza. Chapati zije baadaye kama nyongeza.

Kuvuka barabara ndo ngoma yenyewe. Kitabu kinasema sikiliza magari yanayokwenda sambamba na wewe, yakiondoka kwa pamoja ndio wakati wako. Haya, simama barabara ya Tom Mboya pale karibu na Archives usikilize. Matatu inanguruma bila kwenda popote, inatisha abiria tu. Taa inasema moja, askari wa trafiki anasema lingine, na boda inakuja upande usiofaa, na hizi boda za umeme hata hazipigi kelele, unasikia tu tairi dakika ya mwisho. Ile sauti ya magari kuondoka bado fundisha, ina maana sehemu zenye utaratibu, ila usimwambie mtu inatosha. Afundishwe pia kusikiliza watu wanaovuka, vile viatu vinaanza kwenda kwa pamoja. Afundishwe kutafuta daraja la juu, Thika Road usijadili hata kidogo, ni daraja. Na afundishwe kuomba msaada, kwa sauti ya kawaida, kwa maneno yaliyonyooka: naomba tuvuke pamoja, nishike kiwiko chako. Kuna walimu wanaona kuomba msaada ni kufeli. Sikubaliani nao hata kidogo, mtu anayechagua wakati wa kuomba, anayechagua nani na anasema anavyotaka, huyo anajua kutembea.

Maana usipomfundisha hivyo watu watamshika tu. Nairobi ina watu wazuri wanaosaidia kwa nguvu. Unasimama ukingoni unasoma sauti, mtu anakunyakua mkono wenye fimbo anakuvusha na hata hukuwa unavuka. Mazoezi ya kujitoa hapo ni lazima: asibishane, ainue mkono alioshikwa, kwa mkono ule mwingine ashike kifundo cha mkono wa mshikaji kwa upole, ajitoe, halafu yeye ndio ashike kiwiko cha yule mtu kama anahitaji, akae nusu hatua nyuma. Fanyeni hivyo na makanga pia. Makanga atakusukuma mgongoni au akuinue kabisa kama gunia, hana ubaya, ana haraka. Mwanafunzi aseme mapema, niwekee mkono kwenye chuma cha mlango, basi, nitapanda mwenyewe.

Na wewe mwalimu nyamaza. Hii ngumu kuliko zote. Mwanafunzi amepotea, ukimwambia nenda kulia umemuibia somo. Mwache aguse, asikilize, arudi mpaka alama ya mwisho aliyoijua. Unaingilia hatari ikiwepo tu, gari, shimo, chuma kinachochomoza, na hapo unakuwa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Watu watakusema. Mama mmoja atakuuliza mbele ya kila mtu unamwachaje huyu kijana agonge nguzo na macho unayo. Jibu kwa adabu, mama yuko masomoni, mimi ni mwalimu wake, na uendelee. Maneno kama "hapo" na "pale" yatoe mdomoni kabisa, sema hatua mbili mbele, mkono wa kushoto, usawa wa goti.

Wenye uoni hafifu msiwasahau, ni wengi kuliko wasioona kabisa, na shida yao inabadilika na saa. Anayeona vizuri asubuhi chini ya mti, saa saba kwenye kabro nyeupe haoni ngazi. Kofia ya ukingo mpana inaweza kumsaidia kuliko masomo yako ya wiki nzima. Ukiona fimbo ina mistari myekundu na myeupe jua huyo pia hasikii vizuri, basi hayo yote ya sauti niliyosema yapange upya.

Kwa fimbo na vifaa vingine, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina utaratibu wa kuomba, msaidie mwanafunzi kujaza hizo fomu mapema kwa sababu kusubiri kupo. Usimpimie fimbo kwa macho, isimame wima ifike kwenye mfupa wa kifua, halafu uangalie hatua zake, mwenye hatua ndefu au anayekimbia maisha yake yote anahitaji ndefu zaidi.

Mvua ikianza usifute masomo. Chagua siku ya mvua ya wastani utoke naye makusudi, asikie vile mabati yanameza sauti zote za barabara na vile mtaro aliouzoea umekuwa mto, kwa sababu atalazimika kutoka kazini siku kama hiyo na wewe hutakuwepo. Vaa gambuti, yeye pia avae, na ncha ya fimbo muioshe mkirudi.