Kutoa kutu kwenye jiliwa kwa umeme: waya upi unaenda wapi?

Mkuu, umeuliza waya upi wa chaja ya betri ya volti 12 uende kwenye jiliwa (kile kifaa cha karakana cha kubania vitu) lenye kutu. Ni ule wa hasi, mweusi. Chanya unaenda kwenye kipande cha chuma cha kutupa. Nondo inafaa sana. Ukikosea, litakaloliwa ni jiliwa, kwa hiyo kagua kabla ya kuwasha.

Ndoo ya plastiki ya lita 20, maji, magadi soda vijiko vitano vya chakula; humo ndimo jiliwa na nondo vinazamishwa. Chumvi usiweke, inatoa gesi ya klorini. Na hapa nakusihi kabisa: upande wa chanya usiweke chuma kisichoshika kutu, kama kile cha vijiko vya mezani. Kina kromiamu, na maji yanaweza kugeuka sumu inayosababisha saratani.

Vyuma visigusane majini. Mapovu yanayotoka kwenye jiliwa ni haidrojeni, nayo inawaka, hivyo fanyia nje mbali na moto, na zima chaja kabla ya kugusa chochote. Upande unaotazama nondo ndio husafishika zaidi; geuza jiliwa kila baada ya muda, au zungushia nondo kadhaa zilizoungwa kwa waya.

Baada ya saa kadhaa kutu itakuwa tope jeusi. Sugua kwa brashi, suuza, kausha, paka oili papo hapo, maana chuma kitupu hushika kutu upya haraka mno. Kama kuna springi itoe kwanza: haidrojeni hupenya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kirahisi.