Huo mkono mwingine una kosa gani?

Juzi kwenye raundi nimekuta tena faili limeandikwa "presha haisomeki, mashine mbovu." Mgonjwa ni binti wa miaka 20 na kitu. Nikachukua mashine ileile, nikaifunga mkono wa pili, ikasoma vizuri kabisa. Intani wangu, daktari aliye mafunzoni, akawa anaangalia viatu vyake. Sikumfokea sana, maana sentensi ile naijua. Niliwahi kuiandika mwenyewe.

Kwa hiyo, wadogo zangu, sikilizeni mambo manne kuhusu magonjwa ya kuvimba mishipa ya damu.

1. Presha hupimwa mikono yote miwili. Nilikuwa intani, zamu ya usiku, Mbeya, mwezi wa saba, baridi ile ambayo kila mgonjwa ana vidole kama vya maiti. Akaletwa binti kutoka Tukuyu: kichwa kinamuuma, anakonda, homa za kuja na kuondoka kwa miezi, malaria na taifodi ameshatibiwa mpaka amechoka. Akaniambia mkono wa kushoto unamlegea akibeba mkungu wa ndizi, mpaka autue njiani. Nikaandika "kazi nzito." Mapigo ya kushoto sikuyapata, nikalaumu baridi. Mashine ikagoma mara mbili, nikailaumu nayo, kwa maandishi. Mara ya tatu ikatoa 80/50. Shoki hiyo! Nikaagiza maji, chupa ya kwanza iende yote, kisha ya pili. Nilijisikia daktari kwelikweli.

Katikati ya chupa ya tatu binti akakaa ghafla, anatweta, kifua kinachemka, povu mdomoni. Sista wa zamu, mama aliyeanza kazi kabla mimi sijaanza darasa la kwanza, hakunisemesha. Alifunga maji, akamwegemeza mito, akaweka oksijeni, akahamishia mashine mkono wa kulia. 220/120.

"Dokta, huu mkono ulikuwa na kosa gani?"

Furosemidi, dawa ya kukojoza maji, ilimwokoa, na yule mama. Asubuhi bosi aliweka stetoskopu juu ya mtulinga wa kushoto, akanipa nisikilize mvumo. Akashuka tumboni, mvumo mwingine. Ugonjwa wa Takayasu: kuta za ateri kubwa, mishipa inayotoa damu moyoni, zinavimba, zinanenepa, njia inafinyika. Ateri ya mkono ilikuwa imebana, za figo pia, na figo zikidhani damu ni haba zikazidi kupandisha presha. Nami nikamwongezea maji. Mkono wa kushoto niliuamini kwa sababu moja tu: ndio uliokuwa upande wa mlango.

(Takayasu mwenyewe, mwaka 1908, alikuwa daktari wa macho. Alieleza mishipa ya nyuma ya jicho. Waliosema mapigo ya mkono hayapo ni wenzake. Hata yeye alisaidiwa.)

2. Mtoto mwenye madoa mekundu miguuni na matakoni, tumbo na viungo vinamuuma: pitisha kidole. Yakiwa yameinuka na hayafifii ukiyabonyeza, ni mishipa midogo imevimba, na ya figo inaweza kufuata; pima mkojo leo, na uendelee kuupima kwa miezi sita.

3. Kabla hujasema mishipa imevimba kwa sababu mwili unajishambulia wenyewe, tafuta VVU, kaswende, homa ya ini B, na uulize dawa anazomeza. Zote, hata za gengeni.

4. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe huo. Usiianzishe kabla hujamchunguza kifua kikuu, mpe na ivamektini kwa ajili ya minyoo ya strongiloidi, na inashushwa polepole, haikatwi ghafla. Hili mnalijua la mtihani. Mgonjwa halijui. Binti yule alirudi kijijini, uso ukavimba mashavu, majirani wakampongeza kwamba ndoa imemkubali. Hakuwa na ndoa. Aibu ikamfanya azifukie dawa shambani, mgombani, na baada ya siku chache akaletwa tena amelegea, anatapika. Sikuwa nimemwambia kwamba dawa hiyo huvimbisha mashavu. Nilimwambia "meza baada ya kula," nikaita anayefuata.

Siku hizi namwandikia idadi ya vidonge vya kila wiki kwenye kikaratasi, na mama yake ndiye mhasibu. Akiingia kliniki ananyoosha mkono wa kulia kabla sijasalimia, kisha anacheka. Nampima wa kushoto pia.