Cytotec ya kuanzisha uchungu: hatari iko kwenye dozi

Dada mmoja ameuliza: kwa kuwa Cytotec (kidonge cha misoprostol) imesajiliwa, je, anaweza kujiwekea mwenyewe nyumbani ili uchungu wa kujifungua uanze? Hapana dada, kusajiliwa hakumaanishi hivyo. Marekani iliidhinishwa mwaka 1988 kwa ajili ya vidonda vya tumbo, siyo kuzalisha. Wakunga na madaktari wanaitumia leba kwa sababu inalainisha mlango wa kizazi na kuleta uchungu, na Shirika la Afya Duniani (WHO) wanaikubali, ila kwa dozi ndogo mno: mikrogramu 25 kila baada ya saa mbili kwa kunywa, au kila baada ya saa sita ukeni. Sasa kitazame kidonge chenyewe: kina mikrogramu 200. Ukikikata kwa wembe vipande vinane havitoki sawa hata kidogo, ndiyo maana WHO wanasema kiyeyushwe kwenye mililita 200 za maji, mama apewe mililita 25.

Dozi ikizidi, uchungu unabana mfululizo bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na kizazi kinaweza kupasuka. Dripu ya oksitosini, dawa nyingine ya kuanzisha uchungu, inaweza kusimamishwa mambo yakiharibika. Lakini kidonge cha Cytotec kikishayeyuka mwilini hakirudi. Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji asianzishiwe uchungu kwa dawa hii kabisa, kovu linaweza kuachia.

Haya ndiyo tunayofuata leba. Dawa yenyewe siyo mbaya, inaokoa wengi wanaovuja damu baada ya kujifungua. Lakini ya kuanzisha uchungu itolewe hospitali yenye chumba cha upasuaji, mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa muda wote.