Mteja mweupe katoka rangi ya chungwa

SWALI: Ninajifunza kupuliza rangi ya kahawia mwilini, saluni ya Nyamagana. Mteja wa kwanza, Mzungu mweupe sana, alitoka rangi ya chungwa, viwiko vikiwa vyeusi. Nilikosea wapi? – Dada wa saluni, Mwanza

JIBU: Dada, kwanza soma chupa. Kinacholeta rangi ni DHA, sukari inayoungana na protini za ngozi iliyokufa ya juu. Ngozi nyeupe sana inatosheka na asilimia 6 hadi 8. Ukimpa 12, chungwa ndilo hilo.

Viwiko, magoti, vifundo na nyayo vina ngozi kavu na nene, kwa hiyo hunywa dawa kupita kiasi. Paka losheni kidogo hapo kabla ya kupuliza, na viganjani na kwenye kucha pia. Asugue mwili siku moja kabla, aje bila mafuta wala dawa ya kwapa.

Shika bunduki ya kupulizia rangi sentimita 15 hadi 20 kutoka mwilini, mkono usisimame. Ukisogea karibu, matone yanatiririka. Mililita 50 au 60 zinamtosha mtu mzima. Afumbe macho na mdomo, avae barakoa puani.

Joto letu la ziwani ndilo adui: jasho huchora mistari. Washa feni mpaka akauke, avae dera jeusi pana, asioge kwa saa 6 hadi 8. Rangi hukolea polepole, basi usimwongezee papo hapo eti haionekani!

Na umwambie wazi: rangi hii haizuii jua.